Mitaa ya kale ya Mumbai

Mitaa ya kale ya Mumbai ni sehemu za jiji la Mumbai, nchini Uhindi, zilizoanzishwa na wavuvi, wakulima, wafanyabiashara na wafanyakazi wa viwandani, na ambazo kwa kawaida hazimo katika ratiba ya watalii. Mgeni wa siku mbili hupelekwa kwenye Lango la Uhindi (lililokamilika mwaka 1924), stesheni kuu ya reli iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, barabara ya ufukweni iitwayo Marine Drive, na mapango ya kisiwa cha Elephanta. Vyote hivyo vinastahili kuonwa. Hata hivyo haviwezi kumweleza mgeni jinsi jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 12 (sensa ya 2011) lilivyojengwa, wala ni nani waliolijenga.

Maelezo hayo yamo katika vijiji vya wavuvi vilivyozungukwa na maghorofa, vichochoro vya Wakristo wa kale, mitaa ya masoko ya Waislamu, nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya pamba, na mtaa wa Dharavi. Ardhi ya sehemu hizo sasa ina bei kubwa mno, na kwa sababu hiyo nyingi zinabomolewa au zimo katika mipango ya kubomolewa. Nani ahesabiwe kuwa mwenyeji, na nani apewe nyumba mpya, ndilo swali linalowagawanya wakazi wake leo.

Jiji la visiwa saba

Mahali ilipo Mumbai ya kusini palikuwa na visiwa saba: Colaba, Colaba Ndogo, Bombay yenyewe, Mazagaon, Parel, Worli na Mahim. Kati yake palikuwa na vinamasi na mikoko, na maji yalipojaa watu walivuka kwa mashua. Sultani wa Gujarat aliwaachia Wareno eneo hilo mwaka 1534. Mwaka 1661 Wareno walilitoa kwa Charles II wa Uingereza alipokubaliana kumwoa Catarina wa Braganza. Kwa desturi ya Ulaya ya wakati ule, upande wa bibi arusi ndio uliotoa mali. Mfalme hakuona faida yake, na mwaka 1668 akaikodishia Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi wa Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka.

Kazi ya kuziba mikondo ya maji na kuunganisha visiwa ilichukua vizazi vingi. Boma la Hornby, lililokamilika karibu na mwaka 1784, lilizuia bahari kuingia kati ya Bombay na Worli. Baadaye vilima vilichimbwa na udongo wake ukamwagwa kwenye vinamasi.

Watu wanaposema "Bombay ya zamani" mara nyingi humaanisha eneo la ngome ya Waingereza, ambalo bado huitwa Fort ingawa kuta zake zilibomolewa katika miaka ya 1860. Usemi huo unapotosha. Wakoli, yaani wavuvi wa visiwa hivi, walikuwako kabla ya Wareno na Waingereza, na jina la Mumbai, lililorudishwa rasmi mwaka 1995, linatokana na Mumbadevi, mungu wa kike aliyeabudiwa nao.

Vijiji vya wavuvi

Kijiji cha Wakoli huitwa koliwada. Viko vingi kando ya bahari: Worli, Mahim, Chimbai, Versova, Madh, Trombay na vinginevyo. Koliwada ya Worli imekaa kwenye rasi, chini ya ngome ndogo ya Waingereza ya karne ya 17. Nyumba zake zimeshikana, rangi ni za kung'aa, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hupishana kwa ubavu. Mbele yake linaonekana daraja la baharini la Bandra hadi Worli, lililofunguliwa mwaka 2009.

Kwa desturi wanaume huvua na wanawake huuza. Mwanamke wa Kikoli ndiye anayeshika fedha ya mauzo, na sokoni husifika kwa ukali wa kupatana bei. Kwenye gati ya Sassoon, iliyofunguliwa mwaka 1875 na familia ya wafanyabiashara Wayahudi wenye asili ya Baghdad, mnada wa samaki huanza kabla ya jua kuchomoza. Samaki anayetambulisha jiji ni bombil, mlaini na mwenye maji mengi, ambaye hutundikwa kwenye fito za mianzi mpaka akauke. Harufu yake husafiri mbali, na mgeni ataifikia koliwada kwa pua kabla ya kuiona.

Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Julai uvuvi wa mashua za injini hupigwa marufuku, kwa kuwa bahari huchafuka na samaki huzaa. Pepo za majira hayo ni zilezile ambazo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huziita kusi. Manahodha wa majahazi waliotoka Zanzibar, Lamu na Mombasa kwenda Bombay waliukwepa ukali wake wa katikati ya mwaka, wakasafiri na kusi inayokwisha, kisha wakarudi na kaskazi. Kwa Wakoli, mwisho wa majira haya huadhimishwa kwa sikukuu ya Narali Purnima, siku ya mwezi mpevu, nazi inapotolewa baharini kuomba usalama na riziki.

Matatizo ya koliwada ni ya aina mbili. La kwanza ni mipaka. Vijiji hivi ni vya kale kuliko ofisi yoyote ya ardhi ya jiji, na mipaka ya vingi haikuchorwa wazi kwenye ramani. Mahali pengine maofisa waliviweka katika kundi la mitaa ya mabanda. Wakoli walipinga vikali, kwa kuwa mtaa wa mabanda unaweza kukabidhiwa mwendelezaji na wakazi wakahamishiwa ghorofani. Mvuvi hawezi kutengeneza nyavu wala kukausha samaki akiwa ghorofa ya 20.

La pili ni bahari yenyewe. Barabara mpya ya pwani, iliyofunguliwa kwa awamu kuanzia mwaka 2024, ilipangwa kuungana na daraja la Worli kwa nguzo zilizosimamishwa mbele ya njia ya mashua za kijiji. Nafasi kati ya nguzo ilikuwa mita 60. Wavuvi walisema kwamba bahari ikichafuka mashua itasukumwa ikagonge nguzo, wakadai mita 160 au zaidi. Waligoma, wakaingia baharini na mashua zao kuzuia kazi, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwishowe manispaa ilikubali kuondoa nguzo moja katika mchoro, nafasi ikawa mita 120. Hawakupata yote waliyoyataka. Lakini ni nadra katika jiji hili kwa mradi wa ukubwa ule kubadilishwa kwa sababu ya kijiji.

Gaothan na Wakristo wa kale

Wakati wa Wareno baadhi ya Wakoli na wakulima wa visiwa walibatizwa. Wazao wao ni Wakatoliki wanaozungumza Kimarathi cha kwao na kubeba majina ya Kireno. Mwaka 1887, wakati wa jubilii ya Malkia Victoria, walijichagulia jina la "East Indians" ili wasichanganywe na Wakatoliki wa Goa, waliokuwa wakija kushindania kazi za ofisini. Jina hilo huwachanganya wageni, maana watu hawa ni wa Uhindi ya magharibi kabisa. Lilitokana na jina la kampuni iliyowaajiri.

Vijiji vyao huitwa gaothan. Vinavyojulikana zaidi ni Ranwar katika Bandra, Matharpacady katika Mazagaon, na Khotachiwadi katika Girgaon, ambao ni mtaa wa mwisho wa karne ya 18. Nyumba za Khotachiwadi ni za mbao, zenye vibaraza vya mbele, ngazi za nje na paa za vigae. Zilikuwa zaidi ya 60. Zilizobaki sasa hazifiki nusu, na nyingine zimezibwa mwanga na maghorofa yaliyosimama ubavuni mwake. Hatari yake haitokani na serikali peke yake. Warithi wengi wameshahamia ng'ambo, nyumba moja ina wenye haki kumi, na bei inayotolewa na mjenzi ni vigumu kuikataa.

Mazagaon, Dongri na Bhendi Bazaar

Kaskazini ya eneo la Fort ilikuwa "mji wa wenyeji", jina walilolitumia Waingereza kwa mitaa ambayo wao hawakuikaa. Hapa ndipo zilipo nyuzi nyingi zinazounganisha Mumbai na Afrika Mashariki.

Katika Hasanabad, mtaani Mazagaon, liko jengo la marumaru lenye kaburi la Hasan Ali Shah, Aga Khan wa kwanza. Alitoka Uajemi, akafika Bombay katika miaka ya 1840, akafariki mwaka 1881. Mwaka 1866 Mahakama Kuu ya Bombay ilitoa hukumu katika kesi ya baadhi ya Wakhoja waliopinga mamlaka yake juu ya mali na uongozi wa jumuiya. Aga Khan alishinda. Mgawanyiko uliofuata ulifika Zanzibar, ambako Wakhoja wengine walijitenga na kuwa Ithnaasheri, na mpaka leo jumuiya hizo mbili zina misikiti yao mbalimbali katika miji ya Tanzania na Kenya.

Mabohora nao wana ziara yao katika Bhendi Bazaar. Raudat Tahera ni kaburi la Syedna Taher Saifuddin, aliyefariki mwaka 1965, na la mwanawe Mohammed Burhanuddin, aliyefariki mwaka 2014. Kuta zake za ndani zimechongwa Kurani yote, kwa herufi za dhahabu juu ya marumaru nyeupe.

Jirani ni Chor Bazaar, yaani "soko la wezi", ambapo huuzwa saa mbovu, taa za meli, vipuri vya magari, gramafoni na mabango ya filamu za zamani. Wapo wanaosema jina la awali lilikuwa Shor Bazaar, "soko la kelele", likaharibika vinywani mwa Waingereza. Kelele bado ipo. Usiku wa Ramadhani, barabara ya Mohammed Ali hugeuka kuwa jiko moja refu, na watu wa dini zote huja kula.

Ukifuata reli kuelekea Byculla utalikuta sinagogi la Magen David, lililokamilika mwaka 1864, lenye mnara wa saa kama wa kanisa. Na jumba la makumbusho la Bhau Daji Lad, lililofunguliwa mwaka 1872. Katika bustani yake amesimama tembo wa jiwe aliyetolewa kisiwani Gharapuri. Tembo huyo ndiye aliyewafanya Wareno wakiite kisiwa hicho Elephanta. Watalii huvuka bahari kwenda kisiwani na kurudi bila kujua kwamba mwenye jina yuko Byculla.

Waafrika wa Bombay

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Kiafrika, wazao wa watumwa, askari na mabaharia kutoka Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki. Waliitawala ngome ya kisiwa cha Janjira, kusini ya Mumbai, na manowari zao zilifanya kazi kwa ajili ya wafalme Wamughali. Mwaka 1689 Sidi Yakub Khan alishusha askari wake Sewri, akaiteka Mazagaon na Mahim, akawazingira Waingereza ndani ya ngome yao. Waingereza waliokolewa na fedha na radhi: walimwomba msamaha mfalme Aurangzeb na kulipa faini, na mwaka 1690 Wasidi wakaondoka. Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki hutaja Waafrika waliopelekwa Uhindi utumwani. Havitaji sana kwamba amiri mwenye asili ya Kiafrika alikaribia kuwafukuza Waingereza Bombay.

Katika karne ya 19 bandari ya Bombay ilijaa Waafrika wengine. Baadhi walikuwa wachochea makaa katika meli za mvuke. Wengine walikuwa watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa katika makao ya Chama cha Wamisionari cha CMS huko Sharanpur, karibu na mji wa Nashik. David Livingstone alipofika Bombay mwaka 1864 alimwacha kijana Chuma katika shule ya mmisionari John Wilson, na Susi akafanya kazi gatini. Hao ndio waliorudi naye Afrika, na mwaka 1874 wakaifikisha maiti yake Bagamoyo pamoja na wenzao, akiwemo Jacob Wainwright aliyesoma Nashik.

Waliosoma Nashik waliitwa "Waafrika wa Bombay". Kuanzia miaka ya 1860 na 1870 wengi walirudishwa pwani ya Kenya, Rabai na Mombasa, wakiwa walimu, maseremala na wahunzi. Makazi ya Freretown, yaliyoanzishwa Mombasa mwaka 1875, yalipewa jina la Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay. Msafiri maarufu Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron, hakuwa miongoni mwao. Yeye alikulia utumwani Uhindi ya magharibi na kurudi Zanzibar mapema zaidi, lakini jina lake ni ushahidi wa njia ileile.

Girangaon, kijiji cha viwanda

Kampuni ya kwanza ya kusokota pamba kwa mashine Bombay iliundwa mwaka 1854 na Cowasji Nanabhai Davar, Mparsi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) viliikatia Uingereza pamba ya Marekani, na Bombay ikatajirika kwa kuuza pamba ya Uhindi. Utajiri huo ulisaidia kujenga viwanda kuanzia Byculla hadi Parel, Lalbaug na Worli. Eneo hilo likaitwa Girangaon, kwa Kimarathi "kijiji cha viwanda".

Wafanyakazi walitoka vijiji vya Konkan na nyanda za ndani za Maharashtra. Waliishi katika majengo yaitwayo chawl: ghorofa mbili mpaka nne, ukumbi mrefu ulio wazi upande mmoja, vyumba vya futi 10 kwa 12 vikiwa vimepangwa mstari, bomba na vyoo vya pamoja mwishoni. Chumba kimoja kiliweza kulaza wanaume kumi au zaidi, wakipokezana mikeka kwa zamu za kiwandani. Chakula kilipikwa na wanawake wa jirani kwa malipo ya mwezi. Kazi hii, iitwayo khanawal, inafanana na ya mamantilie, ila mteja alikula kwa mkopo mpaka siku ya mshahara. Mwaka 1975 wanawake hao waliunda chama chao, Annapurna Mahila Mandal, kwa juhudi za Prema Purao.

Chawl hazikuwa nyumba nzuri, na anayezisifu mno labda hakuwahi kusimama foleni ya choo alfajiri. Lakini ukumbi wa pamoja ulizaa mambo mengi: vyama vya wafanyakazi, vikundi vya maigizo na waimbaji wa siasa. Sherehe ya hadhara ya mungu Ganesha ilianza katika chawl ya Keshavji Naik, Girgaon, mwaka 1893, na sasa ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote za jiji. B. R. Ambedkar, aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya Uhindi, aliishi zaidi ya miaka 20 katika vyumba viwili vya chawl ya Parel.

Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo huo haukutangazwa rasmi kuwa umekwisha. Viwanda vingi havikufunguliwa tena, na wenye viwanda waligundua kwamba ardhi ina thamani kuliko nguo. Kanuni ya mwaka 1991 ilitaka ardhi ya viwanda igawanywe mafungu matatu: moja kwa viwanja vya wazi vya jiji, moja kwa nyumba za umma, moja kwa mwenye kiwanda. Mwaka 2001 kanuni ilibadilishwa ili mgawo uhusu ardhi isiyo na majengo tu, kiasi ambacho kilikuwa kidogo sana, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha mabadiliko hayo mwaka 2006. Jiji lilipoteza hapo nafasi ya viwanja na nyumba ambayo haitarudi. Mabomba ya moshi ya kiwanda cha Phoenix sasa yamesimama juu ya jumba la maduka ya kifahari. Wafanyakazi wa zamani waligawiwa nyumba chache kwa bahati nasibu.

Kodi na kilemba

Mgeni hushangaa kwa nini majengo katikati ya jiji tajiri yameegemezwa magogo ili yasianguke. Sababu kubwa ni sheria ya kodi ya mwaka 1947, iliyozuia kodi za nyumba zisipande kupita kiwango cha mwaka 1940. Ilikusudiwa kumlinda mpangaji, na ilimlinda. Lakini kadiri thamani ya rupia ilivyoshuka, kodi ya mwezi ikawa haitoshi hata kununua debe la rangi, na wenye nyumba wakaacha kufanya ukarabati.

Pamoja na sheria hiyo uliota utaratibu uitwao pagdi. Neno hilo maana yake ni kilemba, na msomaji wa Kiswahili atautambua mara moja: ni fedha anayolipa mpangaji mpya kuingia katika chumba au duka, sehemu ikienda kwa mpangaji anayetoka na sehemu kwa mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1999 iliutambua. Mpangaji wa pagdi huishi kama mmiliki, hulipa kodi ndogo na hurithisha chumba kwa watoto, ila si mmiliki. Jengo likibomolewa, haki yake inategemea karatasi alizotunza.

Tarehe 31 Agosti 2017, siku mbili baada ya mvua kubwa, jengo la Husaini katika Bhendi Bazaar lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Mtaa ulikuwa tayari katika mradi wa kubomoa majengo yapatayo 250 na kujenga minara mipya, unaosimamiwa na wakfu wa Mabohora. Kwa msiba kama huo haiwezekani kusema kila la kale libaki. Katika chawl za serikali za BDD, zilizojengwa miaka ya 1920, chumba cha futi za mraba 160 kinabadilishwa kwa nyumba ya futi za mraba 500 bila malipo. Familia za kwanza za Worli zilianza kukabidhiwa mwaka 2025. Wengi wamefurahi. Hofu iliyobaki ni gharama za lifti, maji na usafi za kila mwezi, ambazo chawl hazikuwa nazo.

Dharavi

Dharavi iko kati ya Mahim na Sion, katika eneo la kilomita za mraba mbili na kidogo, na makadirio ya wakazi wake ni kati ya 600,000 na milioni 1. Ilijulikana duniani kwa filamu Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, ambayo wakazi wengi hawakuipenda kwa neno "mbwa" katika jina lake.

Ilianza kama koliwada, na Wakoli wake bado wako. Waliofuata ni wafinyanzi kutoka Saurashtra, waliohamishiwa hapa jiji lilipotanuka. Mtaa wao, Kumbharwada, una tanuri kati ya nyumba na nyumba, na vyungu hutandazwa juani mpaka mlangoni. Watamil walileta kazi ya ngozi. Sehemu nyingine hukusanya plastiki ya jiji zima, kuichambua kwa rangi, kuisaga na kuiuza upya. Wanawake hukausha mikate myembamba ya papad juu ya vikapu vilivyopinduliwa. Kuiita Dharavi mtaa wa maskini na kuishia hapo ni kusema nusu ya jambo, kwani ni mtaa wa viwanda ambamo watu hulala pale wanapofanya kazi.

Ndiyo maana mpango wa kuijenga upya, uliopata mwendelezaji kwa zabuni ya mwaka 2022, una utata. Aliyekaa chumba cha chini kabla ya tarehe 1 Januari 2000 ana haki ya nyumba ya bure hapohapo. Aliyekuja baadaye, au anayeishi ghorofa ya juu ya kibanda, hupangiwa nyumba nje ya Dharavi kwa masharti mengine. Mama wa papad aliyepanga juu na mwenye chumba wa chini hutazamana kwenye ngazi moja, kila mmoja na tarehe yake.

Sewri na msitu wa Borivali

Kwenye matope ya Sewri, mbele ya ghala za bandari, maelfu ya heroe hukusanyika kati ya Novemba na Mei. Ni spishi zilezile mbili zinazoonekana katika Ziwa Natron na Nakuru, ila hawa wa Mumbai huja hasa kutoka Gujarat. Saa nzuri ni maji yanapoanza kupwa. Tangu Januari 2024 linapita juu ya matope hayo daraja la baharini lenye urefu wa kilomita 21.8. Hori la Thane, ambalo lina hifadhi ya heroe iliyotangazwa mwaka 2015, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2022.

Kaskazini ya jiji iko Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, yenye zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu na makumi ya chui wanaotembea usiku kandokando ya nyumba za watu. Ndani yake yako mapango 109 ya watawa Wabuddha ya Kanheri, yaliyochongwa kuanzia karne ya 1 KK. Ni mengi zaidi kuliko ya Elephanta, na watalii wake ni wachache zaidi. Jambo la kutazama ni maji: mifereji midogo imechongwa juu ya mwamba kupeleka mvua katika mahodhi ya kila pango, na mengi bado hujaa. Maandishi ukutani hutaja wafanyabiashara wa Kalyan na Sopara waliotoa sadaka.

Kutembelea

Njia ya kufika karibu sehemu zote hizi ni treni za mjini. Treni ya kwanza ya abiria Uhindi ilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Asubuhi watu humiminika kusini na jioni kaskazini. Mgeni afanye kinyume chake. Kuna treni za haraka, zisizosimama kila kituo, na za polepole, na yapo mabehewa ya wanawake peke yao. Karibu na saa sita mchana, kwenye stesheni ya Churchgate, huonekana wachukuzi wa vyakula, dabbawala, wakipanga makopo ya chakula kilichopikwa nyumbani kwa alama za rangi na namba. Kazi yao ilianza mwaka 1890, na imepungua tangu ofisi zilipofungwa mwaka 2020.

Mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na vichochoro hujaa maji. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Majira mazuri ya kutembea ni Novemba hadi Februari.

Gatini kwa Sassoon upigaji picha una vizuizi, na katika koliwada na Dharavi ni adabu kuomba ruhusa kwanza, kwa kuwa mlango ulio wazi kichochoroni ni wa sebule ya mtu. Minara ya Kimya ya Waparsi, kwenye kilima cha Malabar, hairuhusiwi kwa asiye Mparsi. Ziara ya walii Makhdum Ali Mahimi, aliyefariki mwaka 1431, iko Mahim na hupokea watu wa dini zote. Katika maulidi yake maandamano ya kwanza huongozwa na polisi wa jiji.

Chakula cha njiani ni vada pav, kitonge cha viazi kilichochovywa katika unga wa dengu, kikakaangwa na kutiwa ndani ya mkate mdogo wenye chatini. Inasemekana kilianza kuuzwa nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966. Mkate huo, pav, ni neno la Kireno, na kiazi kwa Kimarathi ni batata, neno ambalo Wazanzibari nao walilipokea wakasema mbatata. Kwa kukaa kitako kuna migahawa ya Wairani, kama Kyani ya mwaka 1904 karibu na sinema ya Metro, yenye viti vya mbao iliyopindwa na mkate wa siagi wa kuchovya katika chai. Migahawa ya namna hiyo ilikuwa mamia. Sasa ni michache, na baadhi hufunga jioni mapema.